Vijana na Rangi Zao Tusiwabeze
Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba Nairobi, mchoraji wa Kibera, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alishika burashi akazunguka mtaani akiandika wito wa amani kwenye kuta na vibanda. Mimi nashikilia kwamba ile ilikuwa tiba pia. Aliyejaa hofu hupata nafuu aonapo kuwa mwenzake angali anatumaini.

Wapo wazee (nami kwa umri ni mmoja wao) wadaio kwamba kuchora ni kupoteza wakati. Wazee wenzangu, kijana aliyelemewa na dhiki ya moyo alitarajiwa aende wapi? Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu mhalifu kila aliyejaribu kujiua, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Aliyekiri jaribio kama hilo aliweza kuishia kizimbani. Mbele ya karatasi na rangi, angalau, hakushtakiwa na mtu.

Sisemi picha ishike mahali pa daktari, hasha! Nasema kumbi za mitaa zifunguliwe jioni, rangi zinunuliwe, na washauri wapelekwe huko huko, wakae kando vijana wakichora.