Mbuni, Ngamia na Mlima Kenya

Mkulima wa kahawa wa Nyeri akisikia neno mbuni hukumbuka kahawa iliyokaushwa na ganda lake na kuuzwa kwa bei duni, lakini mbuni wa makala haya ni yule ndege mkubwa asiyeruka, ambaye hadi leo huonekana katika nyanda za Laikipia, upande wa pili wa Nanyuki.

Tuanze na jina la ndege huyo kwa Kichina. Maandishi ya Kichina, ambayo Wajapani waliyaazima, hutumia alama zinazobeba maana, na alama nyingi zina sehemu mbili: moja hudokeza jamii ya kitu, nyingine matamshi. Wachina hawakuwa na mbuni kwao, bali walipelekewa kama zawadi kutoka magharibi. Mwaka 650 Watokhara wa Asia ya Kati walimtunuku mfalme Gaozong ndege huyo, na michongo yake ya mawe ingali Qianling, alikozikwa mfalme huyo. Waajemi, ambao nchi yao ilikuwa njiani, humwita shotormorgh, yaani ngamia-ndege, na jina la Kichina lina muundo huohuo: 駝 ni ngamia, 鳥 ni ndege. Hata mwanasayansi Linnaeus, alipompa mbuni jina la kisayansi mwaka 1758, alimwita Struthio camelus, ngamia akiwa hajaachwa nyuma. Ndani ya 駝 mna alama ya farasi, 馬, ambayo Wachina waliibadilisha kwa alama ya ndege wakapata 鴕, ilhali Wajapani, wanaotamka dachō, wamebaki na farasi wao.

Chini ya Mlima Kenya jina lilisafiri kinyume, kwani si ndege aliyeazima jina, bali mlima. Katika Kikuyu nyaga ni mbuni, na maelezo yanayojulikana sana ni kwamba mlima huo uliitwa Kirinyaga kwa sababu miamba yake myeusi yenye theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliegemea maana nyingine ya jina hilo, ile ya mng'ao. Hata hivyo, hoja ya mbuni inaeleza weusi na weupe kwa pamoja. Wakamba, wasiotamka g hiyo, husema Kiinyaa, na ndilo jina ambalo mmisionari Krapf alilisikia Kitui, alikouona mlima tarehe 3 Desemba 1849, akaliandika Kenia. Mwaka 1920 koloni zima likaitwa Kenya.