Timu ya nyumbani inavyowapima viongozi wa Marekani

APRILI 2, 2024, wakazi wa Kaunti ya Jackson katika jimbo la Missouri, Marekani, walipiga kura kuamua jambo moja: waendelee au wasiendelee kulipa kodi ya mauzo iliyokuwa ikigharimia viwanja vya timu zao mbili, Chiefs ya futiboli ya Kimarekani na Royals ya besiboli.

Itakumbukwa kuwa Februari mwaka huo huo, Chiefs ilikuwa imetwaa ubingwa wa Super Bowl kwa mara ya pili mfululizo. Mji wa Kansas City ulikuwa bado umepambwa kwa rangi nyekundu ya mabingwa. Aliyedhani kuwa watu wa mji huo wasingeweza kuinyima timu yao kitu chochote alikuwa na sababu ya kudhani hivyo.

Hata hivyo, matokeo yalipotoka, takriban asilimia 58 ya wapiga kura walikuwa wamesema hapana.

Kura ile inaonyesha jambo ambalo mgeni anayefuatilia siasa za Marekani huenda asilitambue upesi. Nchini humo timu ya nyumbani si burudani ya mwisho wa juma tu. Raia huitumia kumpima kiongozi kama kweli ni mwenzao. Wakati huo huo, wanasiasa na matajiri wenye timu huyatumia mapenzi hayo hayo kuomba kura na fedha za umma. Shabiki asiyetenganisha mambo hayo mawili hulipa mara mbili: mlangoni na kwenye kodi.

Kofia kama kitambulisho

Uhusiano wa marais wa Marekani na viwanja vya michezo ni wa zaidi ya karne moja. Aprili 14, 1910, Rais William Howard Taft alirusha mpira wa kwanza wa msimu mjini Washington, na tangu hapo jambo hilo likageuka desturi.

Januari 1942, majuma machache baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili, Rais Franklin Roosevelt aliuandikia uongozi wa besiboli akieleza kuwa ni vyema mchezo huo uendelee, kwa kuwa wananchi wangefanya kazi ngumu na kuhitaji mapumziko.

Oktoba 30, 2001, ikiwa ni wiki saba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Rais George W. Bush alisimama peke yake katikati ya uwanja wa Yankee, New York, akarusha mpira kabla ya mchezo wa tatu wa fainali za World Series. Katika mji uliokuwa ungali msibani, kitendo hicho kidogo kilipokewa kama ishara kwamba maisha yanaendelea.

Lakini mbali na sherehe, kuna mtihani mkali zaidi: mwanasiasa hulazimika kusema yeye ni shabiki wa timu gani.

Hillary Clinton, mzaliwa wa Chicago aliyejulikana kuwa mpenzi wa Cubs ya mji huo, alivaa kofia ya Yankees mwaka 1999 wakati timu hiyo ya New York ilipotembelea Ikulu. Kwa kuwa alikuwa akijiandaa kuwania useneta wa New York, alidhihakiwa kwa kubadili timu kwa ajili ya kura. Pamoja na dhihaka hizo, alishinda uchaguzi wa mwaka 2000.

Rudy Giuliani, meya wa zamani wa New York na mnazi mkubwa wa Yankees, naye alionja uchungu huo. Oktoba 2007, akiwa katika mbio za kuwania urais, alisema kuwa katika fainali za mwaka huo angeiunga mkono Red Sox ya Boston, ambayo ni hasimu wa jadi wa timu yake. Magazeti ya mji wake yalimwona msaliti.

Januari 2010 ilikuwa zamu ya Martha Coakley, aliyekuwa akiwania kiti cha useneta wa Massachusetts kilichoachwa wazi na kifo cha Edward Kennedy. Katika mahojiano ya redio alimtaja Curt Schilling kuwa ni shabiki wa Yankees. Kwa watu wa Boston, hilo lilikuwa kosa lisilosameheka, kwani Schilling ni mmoja wa wachezaji walioipa Red Sox ubingwa wa mwaka 2004, wa kwanza tangu mwaka 1918. Coakley alishindwa na Scott Brown.

Wapo waliosema kuwa kauli ile ilionyesha mgombea asiyewajua watu wake. Hoja hiyo ina uzito. Majibu kuhusu kodi na mambo ya nje mgombea anaweza kufundishwa na washauri wake kwa usiku mmoja, lakini mapenzi ya timu hujengwa kwa miaka mingi ya kufungwa, na mtu hawezi kuyakariri.

Hata hivyo, mtihani huo una kasoro yake. Kiti alichokuwa akikigombea Coakley ndicho kilichowapa Democrats kura 60 katika Seneti, idadi iliyohitajika kuvunja vizuizi vya wapinzani wakati muswada wa bima ya afya ukijadiliwa. Katika jambo zito kiasi hicho, jina la mchezaji ni kipimo chepesi mno.

Timu ni mali ya nani?

Ili kuielewa vyema kura ya Kansas City, yafaa kwanza kujua timu za Marekani zinavyomilikiwa. Mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuamka asubuhi akasikia kuwa Yanga imehamia Mwanza. Nchini Marekani jambo la namna hiyo limetokea mara nyingi, kwa kuwa timu kubwa ni mali ya tajiri au kundi la matajiri, nao kwa idhini ya ligi wanaweza kuihamishia mji mwingine.

Novemba 6, 1995, Art Modell, mmiliki wa timu ya futiboli ya Cleveland Browns, alitangaza kuwa anaihamishia Baltimore. Siku iliyofuata, wapiga kura wa Cleveland na vitongoji vyake waliidhinisha kuendelea kwa kodi ya pombe na sigara ili uwanja wa timu hiyo hiyo ukarabatiwe. Walikubali kulipa, lakini mwenye timu alikuwa ameshafanya uamuzi wake.

Baltimore nayo ilikuwa imeonja machungu hayo. Machi 1984, timu yake ya Colts ilipakia vifaa vyake kwenye malori usiku na kwenda Indianapolis.

Mji wa Oakland, California, umepata pigo kubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Warriors ya mpira wa kikapu ilivuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019, Raiders ya futiboli ikahamia Las Vegas mwaka 2020, na Athletics ya besiboli ikacheza msimu wake wa mwisho mjini humo mwaka 2024.

Ipo timu moja tu ya ligi kuu ya futiboli iliyo tofauti. Green Bay Packers, ya mji wenye wakazi wapatao laki moja katika jimbo la Wisconsin, imekuwa mali ya wanahisa wa kawaida tangu mwaka 1923. Hisa zake hazilipi gawio, na wanahisa sasa ni zaidi ya 500,000. Hakuna tajiri mmoja anayeweza kuihamisha. Lakini kanuni za sasa za ligi haziruhusu timu nyingine kuiga mfano huo.

Fahari na kodi

Kutokana na hofu ya kuhamwa, viongozi wengi wa miji hujikuta wakikubali kujenga viwanja kwa fedha za umma. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Arlington, Texas.

Mwaka 1989, George W. Bush alijiunga na kundi lililoinunua timu ya besiboli ya Texas Rangers. Mwaka 1991, wapiga kura wa Arlington waliidhinisha kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ili kuchangia dola milioni 135 kwa uwanja mpya. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1994, na mwaka huo huo Bush akachaguliwa kuwa gavana. Timu ilipouzwa mwaka 1998, yeye aliyekuwa amewekeza dola 600,000 hivi alipata karibu dola milioni 15.

Hakuna sheria iliyovunjwa katika kupata faida hiyo. Lakini ni vyema kuuliza nani alibeba gharama na nani alivuna. Wachumi wengi waliochunguza suala hili wamefikia hitimisho kwamba miji hairudishiwi kiasi inachotoa, kwa kuwa fedha zinazotumika uwanjani ni zile zile ambazo wakazi wangezitumia kwingine mjini. Arlington yenyewe ilipiga kura tena mwaka 2016 kuchangia uwanja mwingine, uliofunguliwa mwaka 2020.

Wapiga kura wa Kaunti ya Jackson walikataa kuifuata njia hiyo, nao uamuzi wao ulikuwa na gharama zake. Jimbo jirani la Kansas lilitunga sheria ya kuzivutia timu hizo kwa fedha za umma, na Desemba 2025 Chiefs ikatangaza kuwa itahamia upande huo kuanzia msimu wa 2031. Yumkini wapo waliosema hapana mwaka 2024 ambao leo wanajuta. Lakini walifanya kazi ya raia: walipima bei waliyotajiwa, wakaona ni kubwa mno.

Shabiki na raia

Katika jambo moja, hata hivyo, uwanja unaweza kuifundisha siasa. Cubs ya Chicago ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha ikakaa miaka 108 bila kuupata tena. Kwa zaidi ya karne, mashabiki wake walifungwa, wakalalamika, wakamzomea kocha, kisha wakarudi uwanjani msimu uliofuata. Walimlaumu mwamuzi, lakini waliyakubali matokeo.

Siasa za Marekani zimekosa hulka hiyo katika miaka ya karibuni. Januari 6, 2021, watu waliokataa kuamini kuwa mgombea wao ameshindwa uchaguzi wa Novemba 2020 walivamia jengo la Bunge mjini Washington.

Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alizaliwa Hawaii, jimbo lisilo na timu ya ligi kuu. Alipohamia kusini mwa Chicago alijifunga na White Sox, timu ya upande huo wa mji, na hakuiacha alipokuwa rais. Mwaka 2009, alipokwenda kurusha mpira wa ufunguzi mjini St. Louis, alivaa koti la White Sox mbele ya mashabiki wa timu nyingine.

Mahasimu wao wa kaskazini mwa mji, Cubs, walipopata ubingwa mwaka 2016, Obama alibakiwa na muda mfupi madarakani. Aliwaalika Ikulu Januari 16, 2017, akawapongeza. Mkewe Michelle alikuwa mpenzi wa Cubs tangu utotoni. Siku nne baadaye alikabidhi madaraka kwa Donald Trump, mtu wa chama pinzani aliyemwita asiyefaa kuwa rais.