Upepo ni wa Mungu, lakini ardhi ni ya nani?



Kule kaskazini ya Kenya, karibu na ziwa Turkana, kuko upepo usiopumzika. Unabanwa kati ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia, kama maji kwenye mfereji mwembamba, njo maana unakuwa mkali. Na ukali ni mali: upepo ukiongeza mbio mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Pale walisimamisha mitambo 365, yenye kutoa megawati 310.

Kenya ilianza kidogo. Mwaka 1993 ilipata mitambo miwili tu, juu ya vilima vya Ngong, zawadi ya Ubelgiji. Leo, ukijumlisha Ngong, Turkana na Kipeto, ni zaidi ya megawati 430. Kazi ya kusifiwa. Lakini mimi nilisomea udongo, kwa hiyo macho yangu yanaangalia chini ya mitambo: shamba ni la nani, na mwenyewe anapata nini?

Turkana mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini nyaya za kufikisha umeme Suswa, kilometa zaidi ya 400, zilikuwa bado. Umeme ulianza kupita Septemba 2018, na serikali ikalipishwa juu ya kuchelewa. Nyaya zilimalizika. Ardhi haikumalizika. Ekari 150,000, karibu hekta 60,000 za malisho ya wote, zilikuwa zimeshaandikwa kwa jina la sosiete. Wafugaji walienda tribinali mwaka 2014. Oktoba 2021 majaji wa Meru wakasema hati zile zilitolewa kinyume cha sheria. Hesabuni wenyewe: miaka saba, na mitambo imeshasimama.

Kinangop ni hadisi ingine. Kule wanalima viazi na kabichi, wanakamua maziwa. Mtu wa Lubero angejisikia kwao. Wakulima waliogopa kupoteza mashamba, wakakataa, damu ikamwagika katika maandamano. Mwaka 2016 mradi wa megawati 60 ulifutwa. Hakuna aliyepata kitu.

Kipeto, upande wa Kajiado, walifanya tofauti. Familia za Wamaasai hazikuuza ardhi, zilikodisha. Ng'ombe wanaendelea kula majani chini ya mitambo, na mwenye ardhi anapata sehemu ya mapato. Upepo ni uleule, nchi ni ileile. Kilichobadilika ni kontra.

Mtaniuliza: hayo yanatuhusu nini, sisi ambao upepo wetu hata bendera hauinui vizuri? Kwetu ni mito. Mwaka jana kooperative moja ilinileta karatasi ya sosiete iliyotaka kujenga turbini ndogo kwenye mto wao. Kurasa kumi na moja, kifaransa kigumu, na kamati ilikuwa karibu kutia sahihi juu ya njaa ya umeme. Ardhi ya mfereji: miaka 25. Malipo: mara moja tu. Nilitafuta mahali panaposema kama mashini yetu ya kusaga itaunganishwa. Hapakuwa. Wala mama mmoja, ambaye shamba lake la maharagi lingekatwa katikati, hakuwa ameulizwa.

Tuliandika masharti matatu: kukodisha, si kuuza, sehemu ya mapato kila mwaka, umeme wa mashini ya kusaga mbele ya ule wa mji. Karatasi ikarudishwa kwa wenyewe. Sasa ni mwezi wa tano, tunangojea jibu, na maharagi ya yule mama yameshavunwa.