Unahamia nyumba kubwa? Kagua madirisha kabla ya kulipa kodi

MSOMAJI, ukiona marupurupu ya nyumba yameongezwa katika hati yako ya mshahara, wazo la kwanza ni kuhama. Watoto wamekua, kitanda hakitoshi, na jirani anasikia kila mnalosema. Si vibaya. Hata mimi nimewahi kuwahimiza wagonjwa wangu wahame. Lakini kuna jambo nililojifunza kwa uchungu, na ni heri ulijue kabla hujaita mkokoteni.

Miaka kadhaa iliyopita, bawabu mmoja wa usiku alikuja katika kliniki yangu akiandamana na mkewe. Alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi mmoja, akitokwa na jasho jingi usiku, na suruali zilikuwa zimeanza kumpwaya. Makohozi yake yalipopimwa, ikapatikana kuwa ni kifua kikuu. Walikuwa watu sita katika chumba kimoja. Kwa kuwa alifanya kazi usiku, mchana alilala humo humo, dirisha likiwa limefungwa, huku mtoto wao wa miaka mitatu akicheza kando ya kitanda.

Nilimwanzishia dawa, nikawaambia wawalete watoto wote wapimwe, kisha nikaongeza: "Mkipata uwezo, tafuteni vyumba viwili."

Majuma machache baadaye, mwajiri wake alianza kumlipa marupurupu ya nyumba. Wakahama kabla ya kuwaleta watoto, nami sikuwafuatilia. Mama aliporudi miezi kadhaa baadaye, alikuwa amembeba yule mtoto. Anakohoa, hachezi, na kijitabu chake cha kliniki kilionyesha uzani umeshuka.

Nilipouliza kuhusu makao mapya, nilielewa. Chumba cha pili hakikuwa na dirisha lolote. Dirisha la chumba cha kwanza lilitazamana na ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Jiko la makaa liliwashwa ndani. Nayo kodi ilikuwa imepita marupurupu kwa kiasi kikubwa, ikabidi maziwa na mayai yapunguzwe.

"Daktari, si wewe ulituambia tuhame?" mama aliniuliza. Sikuwa na jibu. Mtoto alipatikana na kifua kikuu, akatibiwa na akapona. Lakini swali hilo halijanitoka.

Hewa ndiyo nyumba

Viini vya kifua kikuu husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza. Havienezwi kwa vikombe wala sahani, kwa hivyo kumtengea mgonjwa kijiko chake hakusaidii. Kinachosaidia, pamoja na dawa, ni hewa inayoingia upande mmoja na kutokea mwingine, na mwangaza wa jua, ambao huua viini hivyo.

Msongamano ni hatari kwa sababu watu wengi huvuta hewa ile ile kwa saa nyingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yapo hapa Nairobi, huhesabu nyumba kuwa imesongamana ikiwa watu zaidi ya watatu wanatumia chumba kimoja. Lakini vyumba viwili visivyopitisha hewa vinaweza kuwa na madhara kuliko kimoja chenye madirisha mawili.

Usisahau moshi. Moshi wa makaa na mafuta ya taa hudhuru mapafu ya watoto na kuwafanya washikwe na nimonia kwa urahisi. Makaa pia hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke tena. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutosha. Jiko la makaa likae nje.

Jua haki yako, kisha hesabu

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa au amlipe pesa za kutosha kukodi makao hayo, juu ya mshahara wake. Isipokuwa mkataba wako useme kuwa kodi imejumuishwa katika mshahara. Kwa wanaolipwa kima cha chini, kanuni za mishahara huweka marupurupu hayo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hivyo kwa msingi wa Sh20,000, ni Sh3,000. Soma hati yako ya mshahara vizuri, na usiyachanganye marupurupu haya na ile tozo ya nyumba inayokatwa.

Sh3,000 hazikodishi vyumba viwili katika mitaa mingi ya Nairobi. Basi kaa chini na mwenzako mwandike: kodi, amana, maji, stima, takataka na nauli mpya ya kwenda kazini na shuleni. Kisha andikeni chakula. Ikiwa chakula ndicho kitakachopunguzwa, nyumba hiyo bado haijawa yenu. Mtoto asiyekula vizuri hushindwa kupigana na ugonjwa hata akilala peke yake.

Unapokwenda kuiona

Nenda mchana, na umwombe mlinzi asiwashe taa. Ukishindwa kusoma gazeti hili katikati ya chumba, jua haliingii humo. Fungua kila dirisha; mengine yamepigwa misumari. Angalia pembe za dari na ukuta wa nyuma kama kuna unyevu au kuvu jeusi, hasa kama una mtoto mwenye pumu. Rangi mpya upande mmoja tu wa ukuta huenda inaficha jambo. Uliza mahali pa kupikia, maji hutoka siku gani, na ni milango mingapi inayotumia choo kimoja.

Ikiwa chumba kimoja tu ndicho kina dirisha, anayekohoa na watoto wadogo wasilale katika kile kisicho nalo.

Kabla ya mkokoteni kufika

Ikiwa kuna mtu nyumbani anayemeza dawa za kifua kikuu, shinikizo la damu, kisukari au Ukimwi, pita kliniki kwanza uchukue barua ya kuhamishiwa kituo kilicho karibu na makao mapya, na dawa za kutosha kufika huko. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na dawa ni za bure katika hospitali za umma. Ukiyakatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Vijitabu vya kliniki vya watoto usivifungie ndani ya gunia, vibebe mkononi.

Na kama nyumbani kuna aliyepatikana na kifua kikuu, wapeleke watoto wote wapimwe hata kama hawakohoi. Wadogo wasio na ugonjwa hupewa dawa za kuwakinga. Fanya hivyo kabla ya kufunga virago.