Manahodha wengi katika zizi moja

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Anayetaka kuuthibitisha usemi huo si lazima ateremke hadi bandarini. Na aende Karen au Lang'ata, viungani mwa jiji la Nairobi, akaingie katika zizi mojawapo ambamo farasi wa watu mbalimbali hutunzwa pamoja kwa malipo ya kila mwezi. Humo atakuta farasi kumi, wenyewe kumi na rai kumi juu ya kitu kimoja tu: nini kitiwe ndani ya hori, kwa kipimo gani na saa ngapi.

Yamkini msomaji atauliza: farasi yatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi, ilhali wengi wetu twamjua mnyama huyu kwa picha za vitabuni tu? Yatuhusu sana. Uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong umekuwapo tangu mwaka wa 1954, na mamia ya Wakenya hupata riziki yao kwa kuwalisha, kuwasugua na kuwatembeza wanyama hao. Kiswahili hakikuwasahau: mtunza farasi huitwa saisi, neno lenye asili ya Kiarabu kama lilivyo neno farasi lenyewe. Saisi ndiye aamkaye alfajiri wakati bwana mwenye farasi angali usingizini, naye ndiye hukemewa kwanza mambo yaendapo kombo.

Ninayo sababu ya kulizungumzia jambo hili. Mpwa wangu alikuwa saisi kwa miaka sita katika zizi la namna hiyo, nami nilipata kumtembelea mara nyingi. Mwenye zizi alikodisha vyumba na malisho; wenye farasi, ambao wengi wao walifanya kazi mjini na kufika Jumamosi na Jumapili, walijiletea chakula chao wenyewe. Huyu alitaka farasi wake apewe shayiri kwa wingi ili awe na nguvu. Yule alisema nafaka ni sumu, farasi ale nyasi peke yake. Wa tatu alipita akigawa mkate na karoti kwa kila farasi aliyetoa kichwa mlangoni, wake na wasio wake. Wa nne alilalamika kwamba marobota yake ya nyasi yalikuwa yakipungua usiku. Kila mmoja alimwachia saisi amri yake, na amri zenyewe hazikupatana.

Ili tuielewe hatari ya vurugu hiyo, yafaa tujue jinsi mnyama huyu alivyoumbwa. Farasi ni mkubwa wa mwili lakini tumbo lake ni dogo, lisiloweza kuchukua zaidi ya lita kumi na tano hivi. Maumbile yamemtaka ale kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Farasi wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kila siku, na maji ya kutosha wakati wote. Nyasi hizo husagwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi katika utumbo wake mpana. Vijidudu hivyo huzoea chakula cha aina moja. Ukikibadilisha ghafla, vingi hufa na vingine huzidi kiasi. Nafaka ikiwa nyingi kupita uwezo wa tumbo hushuka utumboni bila kusagika, ikachacha, ikazaa gesi na asidi. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, au uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza mnyama maisha yake yote. Tena farasi hawezi kutapika. Kilichokwisha kuingia hakirudi. Ndiyo maana wajuzi husisitiza kuwa chakula kipya kiingizwe polepole, kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne.

Basi Jumamosi moja mwenye farasi jike alikuja na magunia mawili ya mahindi yaliyopondwa. Alimwona mnyama wake amekonda, akaamuru apewe ndoo nzima asubuhi na nyingine jioni, kuanzia siku ile ile. Mpwa wangu alijaribu kueleza kwamba kipimo hicho ni kikubwa na badiliko ni la ghafla. Aliambiwa kazi yake ni kulisha, si kufundisha. Usiku wa Jumapili farasi yule alianza kujitupa chini, kugaagaa na kugeuza shingo akilitazama tumbo lake. Daktari wa mifugo aliitwa, akafika, akafanya awezalo. Kulipopambazuka farasi alikuwa maiti. Saa nne asubuhi mpwa wangu naye alikuwa hana kazi. Hakuulizwa lolote. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mjomba, farasi hana kinywa cha kusema. Mimi ninacho, lakini hakisikizwi."

Watu husema kwamba mwenye mali ndiye mwenye amri. Farasi ni wangu, nyasi ni zangu, wengine hayawahusu. Hoja hiyo ina mashiko katika zizi la mtu mmoja. Katika zizi la shirika haina. Chukua mfano wa minyoo. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha farasi mmoja, yakaanguliwa nyasini, na viluwiluwi vyake vikaliwa na farasi wote wanaolisha hapo. Anayekataa kumpa farasi wake dawa hawapunji minyoo bali jirani zake. Na anayetoa dawa ovyo kila mwezi bila kupima kinyesi naye huwadhuru wenzake, kwa maana minyoo huizoea dawa hata ikawa haifui dafu. Uhuru wa mmoja ukivuka ua huwa maradhi ya wote.

Yapo pia mabishano ya kulaza farasi. Vitabu vingi vya Ulaya husifu kumwacha farasi malishoni usiku na mchana, na kwa hali ya huko ushauri huo una maana. Lakini huku kwetu kuna maradhi yanayoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake huenezwa na usubi, wadudu wadogo mno ambao huuma zaidi tangu jua linapotua hadi linapochomoza. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili kubwa, ilhali farasi asiyechanjwa akipatwa na aina iliyo kali ni nadra kupona. Mnamo mwaka wa 2020 maradhi hayo yalizuka hata Thailand, mbali na bara letu, yakaua mamia ya farasi. Kwa hiyo saisi anaposisitiza kwamba farasi waingizwe ndani kabla ya magharibi, hasa majira ya mvua, na kwamba wachanjwe kabla ya majira hayo, si ukaidi wala uvivu. Ni elimu iliyozaliwa mahali hapa hapa.

Hata hivyo, sisemi kwamba saisi ni malaika asiyekosea. Wapo wanaoamini kuwa pumba za ngano ndizo chakula bora, wakazijaza horini kila siku. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Zikizidi kwa muda mrefu mifupa ya farasi hudhoofika na uso wake huvimba. Desturi peke yake haitoshi, kama vile kitabu peke yake hakitoshi. Kinachotakiwa ni vyote viwili viketi meza moja.

Tufanyeje basi? Kwanza, kila zizi la shirika liwe na nahodha mmoja, yaani msimamizi anayeafikiwa na wote, ambaye neno lake juu ya chakula ndilo la mwisho pindi daktari asipokuwapo. Pili, paandikwe ubao ukutani unaoonyesha jina la kila farasi, uzito wake, aina ya chakula, kipimo kwa kilo wala si kwa ndoo, na saa za kulishwa. Badiliko lolote litiwe tarehe na sahihi ya aliyeliagiza. Ubao huo humlinda farasi, nao humlinda saisi. Tatu, chanjo, dawa za minyoo na usafi wa malisho viwe gharama ya pamoja inayolipwa na kila mwenye farasi bila hiari. Nne, saisi apewe haki ya kukataa amri inayohatarisha uhai wa mnyama hadi msimamizi au daktari aulizwe.

Jambo la tano ni la sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa kosa la utovu wa nidhamu amweleze sababu katika lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu awe na mwenzake wakati wa maelezo hayo. Sheria haikusema kwamba saisi ni kighairi. Mwenye zizi aliyepoteza farasi usiku hana ruhusa ya kumtafuta wa kumtwika lawama asubuhi.

Nawaachia walimu na wanafunzi wenzangu fikira hii. Katika shule zetu pia mna vijana wanaopokea amri kutoka kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa zamu, kiranja, mzazi na mlezi, kila mmoja akivuta upande wake, kisha mtoto akianguka huadhibiwa yeye. Ndovu wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Tofauti ya rai si dhambi. Kila penye watu wanaojali patakuwa na mabishano. Dhambi ni kuyapeleka mabishano hayo hadi ndani ya hori, na kumwacha asiye na sauti ayale. Wakubwa na wabishane mezani, wakubaliane, waandike walichokubaliana, ndipo chakula kitolewe.