Pedi za Breki Hazihesabu Kilomita

Wenye magari makubwa jijini Nairobi huuliza pedi za breki hudumu kilomita ngapi. Afadhali wangehesabu gari linasimamishwa mara ngapi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto: Prado ya tani 2 na zaidi, kwa kasi ileile ya gari dogo la tani 1, huzipa pedi kazi mara mbili au zaidi; kasi ikiongezeka maradufu, kazi huwa mara nne. Sasa literemshe gari hilo asubuhi kutoka Kangemi kupitia Waiyaki Way hadi katikati ya jiji, foleni pamoja na mteremko, nalo litamaliza pedi mapema kuliko lile la safari za Nakuru.

Mtu atasema magari mazito hupewa pedi kubwa. Ni kweli, lakini hizo zilipimiwa gari lilivyotoka kiwandani, kabla ya bampa za chuma na keria. Wengine hulaumu spea bandia, na kwa haki. Hata hivyo, pedi halisi nazo huisha dereva akikanyaga breki mteremko mzima badala ya kushusha gia. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi; ikibaki 3, ibadilishwe. Fundi akitoa gurudumu, apime na pedi ya ndani, ambayo mara nyingi hutangulia kuisha.