Gauni la Mwanasesere Linapookwa Kando ya Ziwa

Keki ya mwanasesere, ile ambayo yenyewe ndiyo gauni na mwanasesere huchomekwa ndani yake, huharibikia katikati. Nje imeshika rangi ya dhahabu, jiko zima linanukia vanila, lakini kisu kikiingia pale miguu ya mwanasesere inapotakiwa kusimama, linatoka rojo bichi. Mama wa Nyasho mjini Musoma, aliyefuata neno kwa neno vipimo alivyotumiwa na dada yake wa Dar es Salaam, hudhani amekosea kupima. Mara nyingi hakukosea. Vipimo vile vimetoka pwani, na yeye haoki pwani.

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Musoma imekaa ukingoni mwake. Bunda na Butiama ziko juu zaidi. Kadiri mahali panavyoinuka, mgandamizo wa hewa hupungua, na ndani ya keki hutokea mambo mawili. Maji, ambayo Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, Musoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hivyo unyevu hukimbia mapema. Gesi ya beking pauda nayo hutanuka zaidi: keki huumuka kwa pupa kabla mayai na unga havijakaza, kisha huzama. Keki bapa huvumilia hali hiyo. Gauni la mwanasesere ni nene, halivumilii.

Dawa yake ni ndogo. Kwa mayai 6, siagi gramu 300, sukari gramu 300 na unga wa ngano gramu 300, vijiko vidogo 3 vya beking pauda vipunguzwe hadi 2 na nusu, na maziwa yaongezwe vijiko vikubwa 2 au 3. Wapo wanaotamani kuchanganya na udaga, yaani unga wa muhogo, kwa kuwa umejaa majumbani mkoani Mara. Muhogo hauna ile protini ya ngano inayoshika keki isibomoke, kwa hiyo hapa ngano iachwe peke yake.

Sasa urefu. Barbie, mwanasesere aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 9 Machi 1959, ana sentimita 29 hivi, na wengi wanaouzwa madukani leo wamefuata kimo chake. Miguu peke yake hupita sentimita 15. Bakuli la kawaida halifiki urefu huo, ndiyo maana wengi huishia na mwanasesere anayeonekana amesimama juu ya kichuguu. Rojo ligawanywe: sehemu moja kwenye bakuli jembamba la bati lililopakwa siagi na kunyunyizwa unga, nyingine kwenye sufuria ndogo yenye upana uleule wa mdomo wa bakuli. Keki ya sufuria hukaa chini, ya bakuli hufunikwa juu yake, na kama bado hazifiki kiunoni huongezwa ya tatu.

Moto uwe wa taratibu. Kwenye oveni, nyuzi 160 badala ya 180, na bakuli lipewe saa nzima au zaidi. Kwenye jiko la mkaa, makaa machache yabaki chini na mengi yapangwe juu ya mfuniko, maana joto kali la chini huunguza keki kabla ya kitovu chake kuiva. Kijiti kichomekwe katikati kabisa. Kikitoka kikavu, imeiva. Ipoe kabisa ndipo itobolewe.

Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa Musoma hukaribia hapo, jikoni hasa. Kwa hiyo urembo wa siagi upakwe alfajiri. Anayeupaka aanze kwenye pindo na kupanda, ili kila safu ya marinda ifunike kichwa cha safu iliyo chini yake. Akianza juu, mistari ya kuungia itaonekana. Rangi ya waridi si sheria. Gauni la mistari ya kitenge, njano na bluu iliyoiva, humpendeza mtoto wa Bunda, ambaye huenda mwanasesere wake wa kwanza alikuwa gunzi la hindi lenye nywele za ndevu zake. Mwanasesere mweusi apatikane akiwezekana. Hata Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, ilichelewa hadi 1980 kumpa mwanasesere mweusi jina la Barbie.

Kabla ya kuchomekwa, mwanasesere avuliwe viatu, hereni na kila kidude kinachoweza kumezwa, aoshwe kwa sabuni, akaushwe, kisha afungwe karatasi ya foili kuanzia kiunoni hadi nyayoni. Plastiki ya bei rahisi huchuja rangi ikikutana na mafuta. Nywele nazo zifungwe mpaka urembo ukauke.

Keki inayotoka Musoma kwenda Butiama kupitia Makutano Juu isafiri bila mwanasesere. Kila tuta la barabarani humtikisa, naye hupanua tundu mpaka gauni lipasuke mgongoni. Abebwe kwenye mfuko wake, achomekwe ukumbini. Wakati wa kukata ang'olewe kwanza, avuliwe foili na kurudishwa kwa mwenye siku yake, na hapo ndipo kisu kishuke.